Jinsi ya Kusafisha Lenzi za Macho: Dawa, Vifaa, na Sababu ya Kuziepusha na Maji

Hapa Kigoma chupa ya dawa ya kusafishia lenzi za macho, zile zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe badala ya miwani, huitwa na wengi "maji ya lenzi". Jina hilo hutamkwa bila nia mbaya, lakini limewafanya wavaaji wengi waamini kwamba chupa ikiisha, maji mengine yoyote yaliyo safi yanaweza kushika nafasi yake. Hayawezi. Ndani ya chupa hiyo mna dawa ya kuua vijidudu, chumvi iliyopimwa ilingane na chumvi ya machozi, na viambato vya kulegeza mafuta na utando unaoganda juu ya lenzi mchana kutwa. Maji ya bomba, ya kisima, ya mvua, ya ziwa, na hata yale ya chupa tunayonunua dukani hayawezi kufanya kazi hizo, na yanaweza kubeba kiumbe ambaye jicho lenye lenzi halipaswi kukutana naye. Nimevaa lenzi laini kwa miaka 14, zaidi ya nusu yake nikiwa hapa Mwanga mjini Kigoma, na karibu kila kosa nitakalolieleza nimelifanya mwenyewe au nimeliona likifanywa na mtu wa karibu yangu.

Kiumbe huyo ni amiba aitwaye akantamiba. Anaishi kwenye maji, udongo na vumbi kote duniani, na mazingira yakimwia magumu hujifungia ndani ya gamba ambalo klorini ya maji ya bomba hailipenyi kirahisi. Mtu asiyevaa lenzi hukutana naye mara kwa mara bila kudhurika, kwa sababu machozi humsukuma nje, na ngozi ya juu ya konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni, ikiwa nzima haimpi pa kushika. Lenzi hubadilisha mambo yote mawili: huikwaruza konea mikwaruzo isiyoonekana, kisha humshikilia amiba papo hapo penye mkwaruzo, na ikiwa ina utando wa bakteria humpa na chakula. Ugonjwa wake ni nadra. Lakini ukimpata mtu, matibabu huchukua miezi, mwanzoni akitiwa matone kila saa usiku na mchana, na wako wanaopoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo. Matone yenyewe si ya kukutwa katika duka la dawa la mtaani.

Mwaka jana mpwa wangu alinunua lenzi za rangi kwa ajili ya harusi ya rafiki yake, na jioni moja nilimkuta sebuleni akitaka kuzitumbukiza lenzi hizo kwenye kikombe cha maji. Nilipomshika mkono alishangaa. "Mjomba, haya si maji ya kuchemsha? Nimeyachemsha mwenyewe asubuhi." Alikuwa anasema kweli, na maji yale yalimfaa kwa kunywa. Nilimweleza hivi: maji yakishachemka na kupoa ndani ya sufuria au jagi, kila kata inayochovywa na kila vumbi linalotua huyarudishia vijidudu, na hata kama yangebaki safi kabisa, hayana chumvi ya kutosha, kwa hiyo lenzi laini huyanywa, hutuna, hubadilika umbo, na ikiwekwa jichoni hukaza na kung'ang'ania konea. Alitaka basi tutie chumvi ya jikoni. Njia hiyo nayo ilishajaribiwa: katikati ya miaka ya 1980 nchini Marekani wavaaji wengi walikuwa wakijitengenezea maji ya chumvi nyumbani kwa kuyeyusha vidonge vya chumvi, na wachunguzi walipofuatilia kuongezeka kwa maambukizi ya akantamiba, maji hayo ya kutengeneza nyumbani yakaonekana kuwa miongoni mwa vyanzo vikuu.

Kwa hiyo lenzi hazioshwi kwa maji, hazilowekwi kwenye maji, na hazivaliwi ndani ya maji. Anayekwenda kuogelea Ziwa Tanganyika azitoe kwanza na kuziacha nyumbani kwenye dawa yake, hata kama maji ni maangavu kiasi cha kuona mawe ya chini. Anayeoga bafuni azitoe pia. Kwa wanaotawadha, desturi yangu ni kuzivaa baada ya udhu wa alfajiri, na katika udhu unaofuata mchana kufumba macho vizuri wakati wa kuosha uso, kisha kukausha kope kwa kitambaa safi kabla ya kuyafumbua. Salaini ya dripu, yaani maji ya chumvi ya kutiwa mshipani, ambayo baadhi ya watu huichukua hospitali, ina chumvi sahihi lakini haiui kijidudu chochote, na mfuko wake ukishatobolewa hauna tena usafi uliokuwa nao. Mate ya mdomoni yana bakteria wengi, na nimewaona watu wazima wenye elimu wakilamba lenzi iliyoanguka na kuirudisha jichoni.

Mikono kabla ya lenzi

Mikono ya watu wa mikoa hii hubeba vitu ambavyo maelekezo ya kiwandani hayavitaji. Mwenye kupika mgebuka kwa mawese hubaki na rangi ya manjano kwenye kucha na mafuta kwenye mistari ya vidole hata baada ya kunawa mara moja, na mafuta hayo yakigusa lenzi huacha doa la ukungu ambalo dawa ya kawaida hulitoa kwa shida. Anayefanya kazi kwenye tumbaku kule Tabora anaujua utomvu mweusi unaogandamana vidoleni wakati wa kuchuma na kufunga majani. Utomvu huo una nikotini, na jicho litakaloupata litawaka. Pilipili haihitaji maelezo. Ninachofanya ni kunawa mara mbili: mara ya kwanza kuondoa kazi ya siku, mara ya pili kwa ajili ya lenzi peke yake, kwa sabuni isiyo na manukato wala mafuta ya kulainisha ngozi, nikisugua ncha za vidole, kucha na katikati ya vidole kwa sekunde 20 hivi, kisha nasuuza hadi vidole vikiguswa vikwaruze.

Hatua inayosahauliwa ni kukausha. Ukinawa vizuri kisha ukashika lenzi kwa vidole vyenye unyevu, umeipelekea lenzi yale yale maji tuliyoyakataza. Kausha mpaka ncha za vidole ziwe kavu kabisa, na utumie kitambaa kisichotoa nyuzi: kipande cha kanga iliyofuliwa mara nyingi kinafaa kuliko taulo la manyoya, kwa kuwa unyuzi mmoja chini ya lenzi unatosha kukuliza asubuhi nzima. Vitakasa mikono vya spiriti havichukui nafasi ya sabuni, kwa sababu haviondoi mafuta, na spiriti ikibaki kidoleni huchoma jicho. Kwa wanaopaka wanja, mpangilio ni mwepesi: lenzi huingia kabla ya wanja na hutoka kabla ya wanja kufutwa.

Kusugua ndiko kunakosafisha

Dawa inayotumiwa na wengi ni ile ya kazi zote, yaani chupa moja inayosafisha, kusuuza, kuua vijidudu na kuhifadhi. Watu hudhani kazi kubwa hufanywa na dawa yenyewe usiku, wakati wao wamelala. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya vijidudu na uchafu huondoka kabla lenzi haijaingia kwenye kikasha, pale kidole kinapoisugua na dawa inapoisuuza; kulowekwa humalizia wale waliobaki. Ziliwahi kuuzwa dawa zilizoandikwa kwamba hazihitaji kusugua. Mwaka 2006 na 2007 dawa mbili za lenzi ziliondolewa sokoni baada ya kuhusishwa na maambukizi ya macho, ya kwanza ya kuvu na ya pili ya akantamiba, na tangu wakati huo wataalamu wa macho wamezidi kusisitiza kwamba lenzi isuguliwe hata kama chupa inasema si lazima. Nakubaliana nao kwa moyo wote.

Anza na lenzi ya kulia kila siku, bila kubadili, ili usije ukazichanganya. Iweke katikati ya kiganja cha mkono wa kushoto ikiwa imekaa kama bakuli dogo, mimina matone matatu au manne ya dawa, kisha tumia bapa la kidole cha shahada, si ncha yenye ukucha, kuisugua kwa kuvuta kutoka katikati kwenda ukingoni. Kuzungusha kidole kwa duara huweza kupasua kingo za lenzi laini, hasa ikiwa imeanza kuzeeka. Sekunde kama 10 zinatosha upande mmoja. Igeuze na urudie upande wa pili. Utahisi kwa kidole mabadiliko yake: mwanzoni lenzi huwa na utelezi mzito wa ute, na kadiri unavyosugua utelezi huo hupungua ukabaki ule mwepesi wa dawa tu. Kisha ishike kwa ncha za vidole viwili na uisuuze kwa dawa inayotiririka kutoka kwenye chupa, pande zote mbili, kwa sekunde nyingine chache. Hapa ndipo watu hubana matumizi kwa sababu dawa ni ghali na hutoka mbali, nami ninawaelewa, lakini dawa iliyookolewa hapa hulipiwa hospitali.

Baada ya hapo lenzi huingia kwenye kikasha chenye dawa mpya inayoifunika yote, na hukaa humo kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ambao kwa dawa nyingi ni saa 4 hadi 6. Asubuhi, kabla ya kuivaa, itazame kwa upande dhidi ya mwanga. Kingo zikisimama wima kama za bakuli, iko sawa. Zikitanuka nje kama za kisahani, imegeuka ndani nje. Ukiona mpasuko hata wa ukubwa wa nywele, itupe. Hesabu ya siku nayo iwe ya kweli: lenzi ya mwezi mmoja huishi siku 30 tangu pakiti ilipofunguliwa, hata kama umeivaa mara sita tu katika siku hizo.

Kikasha na dawa ya kiporo

Yule mpwa wangu aliponionyesha kikasha chake nilikipeleka mlangoni penye mwanga na kukiinamisha. Kando ya kisima cha kushoto, yaani tundu la kikasha linalokaa lenzi ya kushoto, kulikuwa na utando mwembamba, hauna rangi, unaong'aa kama njia ya konokono, na kidole kikipita juu yake kilikuwa kinateleza. Alikuwa hajawahi kukimwaga kikasha kile tangu alipokinunua. Kila usiku aliongeza matone machache juu ya dawa ya jana. Utando ule ni makazi ya bakteria, waliojijengea ute wa kujikinga, na dawa ya kuongezea haiwafikii kwa sababu ile ya jana imekwisha nguvu nayo huipunguza nguvu ile mpya. Dawa iliyokwisha kulaza lenzi ni kiporo ambacho hakipashwi moto. Mwaga yote asubuhi, bila kubakiza tone.

Ukishamwaga, sugua visima vyote viwili na vifuniko vyake kwa kidole safi na dawa mpya, kwa kuwa utando hautoki kwa kusuuza tu. Suuza kwa dawa, futa kwa karatasi laini safi, kisha kilaze kifudifudi pamoja na vifuniko vyake juu ya karatasi nyingine safi kikauke mchana kutwa. Mahali pa kukiweka pasiwe bafuni wala karibu na choo, penye unyevu na matone yasiyoonekana. Katika miezi ya kiangazi, vumbi la Tabora linapoingia mpaka ndani ya makabati, mimi hukifunika kwa bakuli safi lililoinuliwa kidogo upande mmoja ili hewa ipite. Kila miezi mitatu, au kabla, kikasha hutupwa na kununuliwa kipya. Ni kitu cha bei ndogo, na chupa nyingi huja nacho.

Peroksaidi: njia ninayoiamini zaidi, na yenye kuadhibu uzembe

Njia ya pili ni dawa ya peroksaidi ya haidrojeni ya asilimia 3. Huua vijidudu vya aina nyingi, huingia ndani kabisa ya lenzi laini, na haiachi kemikali ya kuhifadhia ambayo macho ya baadhi ya watu huikataa. Mimi nilihamia kwake baada ya macho yangu kuwa mekundu kila jioni kwa dawa ya kazi zote, na wekundu ukaondoka ndani ya wiki mbili.

Utendaji wake unategemea kikasha chake maalumu kilichosimama wima, chenye vikapu viwili vya kushikilia lenzi na kisahani kidogo kilichopakwa platini chini yake. Unaisugua na kuisuuza lenzi kama kawaida kwa kitu kilichoelekezwa kwenye pakiti, unaifungia kwenye kikapu chake, unajaza peroksaidi mpaka kwenye mstari, na kufunga. Mara moja utaona viputo vikipanda kutoka kwenye kisahani kama soda iliyofunguliwa: platini inaivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni, na gesi hutoka kwenye tundu dogo la kifuniko. Kikasha kisilazwe ubavu, na tundu lisizibwe. Kuvunjika huko huwa kwa kasi mwanzoni, kisha kwa taratibu, na kwa sababu hiyo muda wa chini ni saa 6 kamili. Lenzi iliyotolewa baada ya saa mbili bado ina peroksaidi ya kuchoma. Baada ya saa hizo kinachobaki hakina tena dawa yoyote ya kuua vijidudu, kwa hiyo lenzi zikikaa humo zaidi ya siku saba bila kufunguliwa, sharti ziwekwe upya kwenye peroksaidi kabla ya kuvaliwa. Kisahani cha platini nacho huchoka, kwa hiyo kila chupa mpya hutumiwa na kikasha chake kipya.

Peroksaidi haiingii jichoni kamwe. Nililijifunza hilo katika nyumba ya wageni mjini Tabora, nikisubiri treni ya kwenda Kigoma, umeme ukiwa umekatika na nikitumia tochi ya simu. Nilikuwa na chupa mbili kwenye mfuko mmoja, ya peroksaidi na ya salaini ya kusuuzia, nikachukua isiyo sahihi, nikaisuuzia lenzi na kuiweka jichoni. Jicho lilijifunga lenyewe kwa maumivu, nikashindwa hata kulifungua kwa vidole kwa muda uliokuwa mrefu kuliko nilivyotaka. Hapo, na hapo tu, maji ni rafiki: toa lenzi mara moja, kisha suuza jicho kwa salaini au, kama hakuna, kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na uende hospitali likaonwe. Konea yangu ilipona baada ya siku chache. Tangu siku ile chupa hizo mbili hazilali pamoja, na ya peroksaidi nimeizungushia utepe shingoni ili hata gizani mkono uitambue. Kifuniko chekundu ambacho watengenezaji wengi huiwekea kina maana hiyo hiyo, na mtu asikihamishie kwenye chupa nyingine.

Maduka ya dawa huuza pia peroksaidi ya kusafishia vidonda. Hiyo si mbadala, hata kama asilimia zake zinafanana kwa namba, kwa kuwa haikutengenezwa kwa ajili ya lenzi na ina viambato vingine.

Mashine za kusafishia

Siku hizi vijana huagiza mtandaoni vikasha vinavyotumia betri au waya wa simu, vikiahidi kusafisha lenzi kwa dakika chache. Kuna vinavyotikisa tu, na kuna vinavyotumia mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, yaani yanayotetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Mawimbi ya namna hiyo huzalisha viputo vidogo mno ndani ya dawa, navyo vikipasuka huung'oa uchafu. Kanuni ni ya kweli, na vifaa vikubwa vya aina hiyo hutumiwa na masonara na maabara. Lakini vingi vya bei nafuu vilivyopita mikononi mwangu hutetemeka kama simu iliyowekwa mtetemo, na hata kile kizuri kabisa huondoa uchafu bila kuua vijidudu vyote. Ukitaka kukitumia, kitumie baada ya kusugua kwa kidole na ndani ya dawa halali, kisha uache lenzi zilowekwe muda wake wote. Uamuzi wangu ni kwamba fedha hiyo ingenunua chupa ya ziada ya dawa.

Vipo pia vikasha vya plastiki vyenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono, ambavyo husaidia wazee wenye vidole vya kutetemeka. Vifaa vya miale ya urujuanimno vina udhaifu wake: mwale huua pale tu unapofika, na nyuma ya ukingo uliokunjika au chini ya doa la mafuta haufiki. Joto lilitumika sana zamani, wakati lenzi laini zilikuwa ngeni. Mwanakemia wa Kicheki Otto Wichterle alitengeneza za kwanza zilizofaa mwaka 1961 kwa mashine aliyoiunganisha nyumbani kutokana na vipande vya mchezo wa watoto, na katika miaka ya 1970 watu walizichemsha kwenye vyombo vidogo vya umeme. Lenzi nyingi za leo huharibiwa na joto hilo, na mtu asijaribu kuzichemsha jikoni.

Wavaaji wa lenzi ngumu, ambao baadhi yao wana konea iliyochongoka, wana dawa yao ya kusafishia na yao ya kulowekea, na wasitumie za lenzi laini bila kuelekezwa. Zamani waliruhusiwa kuzisuuza kwa maji ya bomba; ushauri huo umeachwa, kwa sababu ile ile ya amiba. Vidonge vya vimeng'enya, vinavyoyeyusha protini iliyoganda, hutumiwa na hao wanaokaa na lenzi moja mwaka mzima. Mwenye lenzi za mwezi mmoja ni nadra kuvihitaji.

Kununua, kutunza na kusafiri

Dawa ya lenzi haipatikani katika kila duka la mkoani, na wengi wetu huagiza Mwanza au Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Agiza chupa ya pili ile siku unapoifungua ya kwanza. Ikikufikia, angalia muhuri wa kifuniko, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama duka lilikotoka linauza vifaa vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Andika kwa kalamu juu ya chupa siku uliyoifungua, kwa kuwa nyingi hazitakiwi kutumiwa baada ya siku 90, na nyingine muda wake ni mfupi zaidi. Joto la juu huiharibu: lebo nyingi hutaka iwekwe chini ya nyuzi 25 au 30, na Tabora mwezi wa Septemba na Oktoba mchana huzidi hapo, kwa hiyo iweke chumba chenye ubaridi, mbali na dirisha na bati, wala usiiache ndani ya gari. Usiihamishie kwenye kichupa kidogo cha safari, hata ukiwa umekiosha, kwa sababu usafi wa kiwandani ukishapotea haurudi.

Kwenye treni, kati ya Tabora na Kigoma, mimi huvaa miwani. Mabehewa yana vumbi, maji ya kunawia huisha njiani, na usingizi humchukua mtu akiwa amekaa. Kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi mara kadhaa, na hata usingizi mfupi si salama. Mvaaji wa lenzi asiye na miwani ya akiba hajajitayarisha, kwa kuwa siku dawa itakapoisha na basi halijafika hatakuwa na chaguo ila kufanya lile lisilotakiwa. Wenye uwezo wanaweza kuzingatia lenzi za siku moja, zinazotupwa kila jioni bila kusafishwa, hasa kwa anayevaa mara chache. Kwa mabinti wanaozitafuta zile za rangi kwenye maduka ya vipodozi kabla ya harusi, naomba jambo moja: lenzi haziazimwi. Jozi moja ikipita kwa wasimamizi watatu saluni, imebeba macho ya wote watatu.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga, likitoa machozi au usaha, au ukiona ukungu usioondoka kwa kupepesa, toa lenzi za macho yote mawili na usizirudishe. Usitie dawa ya kienyeji, wala maziwa ya mama, wala matone yaliyobaki nyumbani kutoka kwa ugonjwa mwingine, kwani matone yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, hulipunguza jicho wekundu huku maambukizi yakienea chini yake. Nenda siku hiyo hiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Maweni kwa Kigoma na Kitete kwa Tabora, na mwambie mhudumu mapema kwamba unavaa lenzi, kwa sababu taarifa hiyo hubadilisha vijidudu anavyovifikiria na mahali atakapokupeleka. Ubebe lenzi ulizozitoa, chupa ya dawa, na kikasha pamoja na dawa iliyomo ndani yake. Hii ndiyo siku pekee ambayo kikasha hakisafishwi: kiache kama kilivyo, kifunge vizuri, kwa kuwa maabara inaweza kukuta ndani yake kile inachokitafuta jichoni.